Njia ya Kuzunguka Kilabu

Kaka yangu aliniomba jambo hili mwezi wa nne mwaka jana, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa nyumba yetu hapa Kihesa, mikono ameibana katikati ya magoti ili nisione inavyotetemeka. Mvua zilikuwa bado hazijakata na ulanzi ulikuwa umejaa mjini, ndoo kwa ndoo. Aliniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma. Nitafutie wale watu wanaokaa wakaongea."

Nilijua anaowasema. Alikuwa amewaona kwenye filamu: viti vimepangwa duara, mtu anataja jina lake, anakiri kwamba ni mlevi, wenzake wanamwitikia kwa pamoja. Hakujua kikundi kile kinaitwaje, wala kama kipo nje ya filamu. Alichojua ni kwamba amejaribu kuacha pombe peke yake mara tano ndani ya miaka mitatu, na mara ya tano alidumu siku tisa.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu pombe za kienyeji za Nyanda za Juu Kusini. Nimekaa wiki nyingi Dar es Salaam kwenye chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, nikifungua majalada ya maofisa wa Kiingereza walioandikiana barua ndefu juu ya leseni za pombe. Ungeniuliza nani aliruhusiwa kupika, nani alitozwa ada na nani alifungwa, ningekujibu kwa mwaka na namba ya jalada. Swali la kaka halikuwemo kwenye jalada lolote nililofungua: mtu wa Kihesa anayetaka kuacha, anakaa wapi, na nani?

Makala hii nimeiandika kwa ruhusa yake. Ameisoma, amefuta aya moja, na ameniomba nisitaje jina lake wala siku na mahali halisi pa kikao. Kwa hiyo Alhamisi utakayoisoma humu si lazima iwe Alhamisi.

*

Nilianza sokoni, kwa mama ninayenunua kwake mboga tangu nikiwa shule ya msingi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu."

Nikamuuliza kama anafahamu mahali ambapo watu wenye shida ya pombe hukutana. Alicheka, bila ubaya wowote, akanyoosha mkono wenye kisu kuelekea bondeni. "Si pale kilabuni?"

Dereva wa bodaboda naye alinielekeza kilabuni, ila kingine. Mwenyekiti wa mtaa alilichukulia swali kwa uzito zaidi. Alihesabu kwa vidole: kuna VIKOBA, kuna kikundi cha kuzikana, kuna jumuiya za kanisa, kuna akina mama wa ufugaji wa kuku, kuna kikundi cha wanaoishi na VVU, kuna wazee wenye kisukari wanaopimwa pamoja. Akabaki na kidole gumba hewani. "Wa pombe sijawahi kusikia," alisema. "Wa kuacha, maana yangu."

Wote watatu walikuwa wamesema kweli. Mtaani kwetu mtu mwenye shida ya pombe ana mahali pa kukutana na wenzake, panafunguliwa karibu kila siku, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi jana. Hata neno lenyewe linatosha kueleza. "Kilabu" ni neno la Kiingereza tulilolifanya letu. Enzi za ukoloni Mzungu wa mjini alikuwa na klabu yake, yenye orodha ya wanachama na mlango ambao Mwafrika aliuingia akiwa amebeba sinia. Sisi tulilichukua neno tukalipa mabenchi, ndoo na mlango usio na orodha. Mwanachama ni yeyote anayefika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa nimesoma historia ya pombe upande mmoja. Nilikuwa nimefuata kinywaji, sikufuata benchi.

*

Ulanzi hautoki kwenye nafaka. Unatoka kwenye mlanzi, aina ya mwanzi ambao watu wa Iringa, Njombe na maeneo ya jirani huupanda mabondeni na pembezoni mwa mashamba. Mvua zikianza, machipukizi hujitokeza. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi na kuliwekea chombo cha kukinga utomvu. Asubuhi na jioni hurudi, akamimina kilichopatikana na kukata tena kipande chembamba ili kidonda kisizibe. Utomvu hauhitaji hamira wala moto. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtamu, na hata watoto huonjeshwa. Ukilala unakuwa mkali, na wenyewe wanauita mkangafu. Mvua zikikata, mlanzi nao unakata. Baada ya hapo ni zamu ya pombe za nafaka, kama komoni, zinazotaka kuotesha, kusaga, kupika na kusubiri.

Kwa vizazi vingi kinywaji hiki kilikuwa na kazi. Mwenye shamba kubwa aliita majirani wamlimie, na mwisho wa siku waliketi kwenye pombe yake. Mahari, maziko, tambiko, mavuno na suluhu ya waliogombana vilikuwa na chungu chake. Wazee niliowahoji kwa ajili ya tasnifu hupenda kusema kwamba enzi hizo walikunywa watu wazima tu, kwa kiasi, na hapakuwa na walevi. Kauli hiyo naipokea kwa tahadhari. Justin Willis, mwanahistoria aliyeandika *Potent Brews* (2002) juu ya historia ya pombe Afrika Mashariki, amefuatilia jinsi ambavyo kuzungumzia pombe kumekuwa pia ni kuzungumzia mamlaka: nani ana haki ya kunywa, na nani wa kumwambia mwenzake ameshiba. Mzee anayesema vijana wa zamani hawakunywa anasema pia kwamba vijana wa zamani walimsikiliza.

Hata hivyo jambo moja kwenye maelezo yao nimelikubali: pombe ilikuwa na msimu, ilikuwa na sababu, na hakuna aliyeinywa akiwa peke yake.

Mji ulibadilisha hayo. Wajerumani waliivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, na miaka michache baadaye wakajenga boma lao juu ya kilima hiki ambapo sasa ndipo Iringa mjini. Mji ulileta mshahara, na mshahara ulileta pombe ya kununua. Aliyelima kwa jirani alikuwa akinywa siku ya kazi. Mwenye mshahara aliweza kunywa siku yoyote mfukoni panaporuhusu.

Wakubwa wa dunia nao walikuwa na wasiwasi juu ya pombe ya Mwafrika. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka mipaka kwa biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili. Septemba 1919, pale Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa, mataifa yaliyoshinda vita yalitia saini mkataba mwingine wa kuidhibiti Afrika. Mwaka 1922, Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, masharti ya udhamini yaliweka uuzaji wa pombe kali kifungu kimoja na biashara ya silaha. Whisky ya Mzungu ilihesabiwa kuwa hatari kwetu kama bunduki. Pombe ya kienyeji iliachwa, ila iliwekewa leseni, ada na saa, na ada hizo zikawa mapato.

Nimesoma barua nyingi za wakati huo. Ofisa analalamika kwamba vibarua hawaonekani Jumatatu. Mwingine anataka vilabu viwekwe mbali na barabara. Yupo anayehesabu ada. Sijakuta barua hata moja inayouliza afanyiwe nini mtu aliyekunywa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, na Jumanne akalia kwa sababu hakutaka kunywa tena.

Uhuru ulikuja na sheria zake: ya moshi, yaani gongo, mwaka 1966, kisha Sheria ya Vileo mwaka 1968. Lugha ilibadilika, swali halikubadilika. Nani auze, wapi, saa ngapi, kwa leseni gani. Hadi leo wakuu wa wilaya wakitoa tamko juu ya pombe, tamko huwa ni lile lile: marufuku kunywa saa za kazi.

Katazo lililomgusa kaka yangu moja kwa moja ni la viroba. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anaendesha bodaboda ya mtu, na kiroba kilikaa vizuri kwenye mfuko wa koti la baridi. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki zitakuwa marufuku. Lilikuwa katazo jema. Watoto wa shule walikuwa wakivinunua kama pipi. Ila kaka anakumbuka wiki ile kwa namna yake: "Tulihama kwenye chupa ndogo. Na siku chupa haipo, kuna ulanzi. Na ulanzi ukiisha kuna komoni." Serikali ilikuwa imeziba kopo moja, na kiu ikabaki palepale.

*

Komoni hiyo aliipika bibi.

Hapa ndipo ninapopata shida kuandika. Bibi mzaa baba alifiwa na mume akiwa na watoto wadogo watano, na akawalea kwa pombe. Aliotesha mahindi, akasaga, akapika kwenye mapipa nyuma ya nyumba, akauza. Baba alisoma kwa pombe ile. Sare yangu ya darasa la kwanza ilitoka kwenye pombe ile, na godoro nililokwenda nalo bweni kidato cha kwanza pia. Ukipita Kihesa, au mtaa wowote wa namna hii, utakuta wajane na akina mama wasio na shamba waliosomesha watoto kwa njia hiyo, na kwenye majalada ninayosoma wao ndio wanaotajwa kwa mstari mmoja: "mwanamke amekamatwa akiuza bila leseni."

Bibi ameacha kupika, kwa ajili ya mgongo. Nilipomweleza kwamba kaka ameomba msaada, alinyamaza muda mrefu, akipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

"Alianza kuonja kwangu," alisema mwishowe. "Alikuwa akinisaidia kuchuja. Ni mimi, eti?"

Nimesoma miaka mitano historia ya kitu kile kile anachoniuliza, na sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Bibi, mimi pia nilikuwa nachuja." Akanitazama. Ni kweli, tulichuja wote wawili, tukaonja wote wawili, na mimi sikushikwa. Wataalamu wanasema ulevi una sehemu ya kurithi, sehemu ya mazingira na sehemu ya mambo yaliyompata mtu. Hakuna kipimo cha kumwambia bibi sehemu yake ni ngapi.

Kisha akanisimulia kuhusu mteja wake mmoja, fundi seremala, ambaye alifikia hatua ya kumkatalia. Alimwambia nenda nyumbani, sikuuzii tena. Fundi alivuka barabara akaenda kwa jirani. "Ningempeleka wapi?" bibi aliuliza. "Mimi nilikuwa na uwezo wa kumfukuza. Pa kumpeleka sikuwa napo."

*

Kikundi ambacho kaka alikiona kwenye filamu kilianza na mtu aliyekuwa akitafuta kama mimi.

Mwezi Mei 1935 dalali mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa Akron, mji wa viwanda katika jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imekufa. Alikuwa na miezi mitano hivi bila pombe, yuko peke yake hotelini, na kelele za baa zilikuwa zinamfikia. Ukumbini palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Aliamua kupiga simu, namba baada ya namba, akiomba jambo la ajabu: aunganishwe na mlevi. Alikuwa amegundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hanywi. Simu zile zilimfikisha kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akiingia kazini mikono ikitetemeka. Walikutana kwa maongezi ya dakika kumi na tano, wakakaa saa nyingi. Kikundi chao huhesabu siku yake ya kuzaliwa kuwa tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho. Mwaka 1939 walitoa kitabu, na jina la kitabu likawa jina lao: Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Wawili hao walikuwa wamepitia Oxford Group, vuguvugu la Kikristo ambalo watu wake walikutana majumbani na kuungama makosa yao mbele ya wenzao. Nilipofika hapo nilisimama, kwa sababu jambo la namna hiyo linafahamika kwetu. Miaka hiyohiyo ya 1930, uamsho uliochipuka Gahini nchini Rwanda na katika Uganda ulikuwa unasambaa Afrika Mashariki, na kufikia mwisho wa muongo ulikuwa umeshaingia Tanganyika kupitia Bukoba. Wahusika wake waliketi pamoja kila wiki, wakataja dhambi zao kwa majina, ulevi ukiwemo, wakaitana ndugu bila kujali kabila. Waliacha pombe, na waliweza kuiacha kwa sababu walikuwa wamepata pengine pa kuketi.

Sidai kwamba Akron ilitoka Gahini au Gahini ilitoka Akron. Nasema tu kwamba mkulima wa Bukoba na daktari wa Ohio, ndani ya muongo mmoja, waligundua dawa ya aina moja: mtu hasimami peke yake, na anayemsaidia kusimama ni yule aliyeanguka mahali palepale. Tofauti ni kwamba kwa wa uamsho uliingia kwa mlango wa wokovu. Wa Akron, kadiri miaka ilivyokwenda, waliacha sharti moja tu la kujiunga, nalo ni kutaka kuacha kunywa.

Kwa wanaotaka ushahidi: mwaka 2020 mtandao wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba, ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Ilionekana kwamba programu zinazomwelekeza mgonjwa kwenye vikundi hivi zilisaidia watu kudumu bila pombe sawa na tiba nyingine zinazotambulika, na katika baadhi ya vipimo kuzidi. Kikao hakihitaji mashine wala bajeti. Kinataka viti na watu wanaorudi.

Kwa nini basi hakikuwepo kwenye vidole vya mwenyekiti wetu? Hapa kwetu msaada wa uraibu ulifika kwa njia ya heroini. Zanzibar, mwaka 2009, watu waliokuwa wameiacha wenyewe walianzisha nyumba za upataji nafuu, tunazoziita soba hausi, zenye vikao na hatua kumi na mbili zile zile za Akron. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Sindano za heroini zilihusishwa na VVU, na VVU ilikuwa na fedha na wataalamu. Pombe ilikuwa kongwe mno, ya kawaida mno, na ya halali. Hakuna anayeitisha mkutano wa dharura kwa jambo lililokuwepo wakati wa babu yake.

*

Vikao vya Kiingereza nilivipata kirahisi, vya Dar es Salaam na Arusha, na vile vya kwenye simu vilivyoongezeka wakati wa korona. Kaka ana simu ya kitochi. Na aliniuliza, kwa haki kabisa, ataungamaje kwa lugha ambayo hata matusi yake hayajui vizuri.

Mlango ulifunguka mahali nilipopaswa kuanzia. Nilimpeleka hospitali. Daktari, msichana wa rika langu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama amewahi kupata degedege alipoacha ghafla. Nilikumbuka jaribio la nne: alianguka uani siku ya pili, akakakamaa, na mama akasema karogwa. Daktari alitueleza kwamba mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikata ghafla anaweza kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa, na kwamba siku za kwanza zinataka dawa na uangalizi. Kwa hiyo ule tulioufikiria kuwa udhaifu wa kaka, kwamba hakuwa na nia ya kutosha, ulikuwa kwa sehemu mwili wake unaojitetea. Alilazwa siku sita.

Siku ya kutoka, muuguzi wa zamu ya mchana alinivuta pembeni. "Kuna watu," alisema, kwa sauti ambayo mtu hutumia kumwambia mwenzake dukani kuna sukari. "Hawajajitangaza. Alhamisi, saa kumi na moja. Darasa la chekechea." Akanitajia mahali. Nilimuuliza amejuaje. "Mimi mwaka wa sita," alijibu, akarudi wodini.

Nimefuata majalada Dar es Salaam, na kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa Kihesa, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu, kimefichwa na adabu ya watu wake.

Alhamisi ile tulifika mapema. Ukutani palikuwa na herufi na picha za wanyama. Viti vilikuwa vile vidogo vya plastiki, vya rangi, na watu wazima saba walikuwa wameketi juu yake magoti yakikaribia videvu: mwalimu mstaafu, makanika, mama mwenye kitenge cha kwaya, vijana wawili, mzee aliyevaa suti, na yule muuguzi. Chupa ya chai ya tangawizi ilikuwa katikati, na vikombe vya watoto. Mwalimu alimkaribisha kaka. Mimi alinitazama kwa upole na kuniuliza, "Na wewe, dada, unakunywa?"

"Hapana, mwalimu. Nimemsindikiza."

"Basi utatusubiri nje, mwanangu. Hapa ni kwa wenye shida."

Nilikuwa nimeleta daftari. Ndiyo, ninaona aibu kuandika, lakini nilikuwa nimeleta daftari.

Nje palikuwa na benchi, na kwenye benchi mama mmoja anasuka mkeka. Mume wake alikuwa ndani. Aliniambia yeye husubiri kwa sababu mwanzoni alikuwa akimleta kwa kumshika mkono, na sasa ni mazoea. Tulianza kuzungumza. Nilimweleza mambo ambayo sijawaeleza marafiki zangu wa chuo: kwamba nilikuwa naficha pesa ndani ya kamusi, kwamba nimewahi kumwombea kaka ruhusa kwa tajiri wake nikisema ana malaria, kwamba usiku nilikuwa nahesabu hatua zake kutoka getini hadi kitandani. Alisuka, akaitikia, akanieleza yake. Baadaye nimejifunza kwamba wake wa wale Wamarekani walikutana kwa namna hiyohiyo, wakingoja, na kwamba mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, na mwenzake walianzisha kikundi cha jamaa wa walevi, Al-Anon. Sisi hatukuanzisha chochote. Siku hizi tuko wanne kwenye benchi, na bibi amekuja mara mbili. Mara ya pili aliuliza swali lake lile, "Ni mimi, eti?" na mama wa mkeka akamwambia, "Bibi, hata mimi nilikuwa nikimnunulia, ili anywe nyumbani." Bibi alicheka hadi akashika mgongo.

Yanayosemwa ndani siyajui. Kaka ameniambia matatu tu: kwamba mara ya kwanza hakusema kitu na hakuna aliyemlazimisha, kwamba mzee wa suti alisimulia maisha yake na kaka akadhani ameambiwa habari zake, na kwamba chai ina sukari nyingi mno.

*

Njia fupi ya kwenda pale inapita mbele ya kilabu. Kwa hiyo tunazunguka, tunapandia kwa juu, na safari ya dakika ishirini inakuwa ya dakika thelathini na tano. Tunatoka nyumbani saa kumi na robo. Kaka ana miezi kumi sasa. Ilikatika mara moja, mwezi wa nane, kwenye msiba, siku tatu. Alirudi Alhamisi akiwa ananuka na mwalimu akamsogezea kiti cha bluu. Anahesabu upya tangu hapo, kwa hiyo yeye atakwambia ni mitano. Mwezi wa nane hadi sasa ni kipindi anachokiamini.

Wiki mbili zilizopita mvua iliharibu njia ya juu, korongo likakata barabara, na ikatubidi kupita chini. Ulanzi umejaa tena. Watu walikuwa kwenye mabenchi, na walimwona kabla hatujafika.

"Mzee wa kazi! Umepotea! Karibu!"

Nilihisi mkono wake ukikaza. Walikuwa wamefurahi kweli kumwona. Hawa ndio waliomchangia alipovunjika mguu, ndio waliochimba kaburi la baba yetu. Aliwasalimia kila mmoja kwa jina. Akasema anawahi kikao.

"Kikao cha nini?" aliuliza mmoja, dereva mwenzake wa zamani wa bodaboda, kikombe cha plastiki mkononi.

"Cha kuacha."

Wengine walicheka. Yule hakucheka. Tulipokwishapita hatua kama kumi alitufuata, akauliza kwa sauti ya chini ni wapi na saa ngapi. Kaka alimweleza, akamrudishia tena ili ashike: darasa la chekechea, Alhamisi, saa kumi na moja.

Hadi leo hajafika. Alhamisi iliyopita kaka aliomba kiti kimoja zaidi kitolewe stoo.